John Howard: Raia Aliyelipeleka Gereza Mbele ya Bunge

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, leo twakusudia kuwaeleza maisha ya mtu ambaye hakuvaa sare ya jeshi wala hakupata kukaa katika kiti cha Bunge, lakini ambaye kila mmoja wetu aliyewahi kushika funguo za chumba cha mahabusu yampasa amjue. Mtu huyo ni John Howard, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1726 na kufariki mwaka 1790.

Siku hizi, katika nchi nyingi, watu huona ni jambo la kawaida kwamba sheria ya magereza hutungwa na Bunge, kwamba askari magereza hulipwa mshahara na serikali, na kwamba wakaguzi kutoka nje huingia gerezani na kuandika waliyoyaona. Mambo hayo hayakuota yenyewe kama uyoga. Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Miongoni mwa waundaji wake wa mwanzo ni huyu Howard, naye aliianza kazi hiyo kwa kuuliza swali moja dogo kuhusu mshahara wa bwana jela.

MATEKA WA VITA

Baba yake Howard alikuwa mfanyabiashara wa mazulia na samani katika mji wa London, na alipofariki mwaka 1742 alimwachia kijana wake mali ya kutosha. Mama yake alikwisha kufariki zamani, angali mtoto mdogo. Kijana huyo hakuwa na afya njema, wala hakusifika shuleni. Alikuwa mtu wa maneno machache, mshika dini sana, asiyekula nyama, mwenye kupenda kupima na kuandika kila kitu, hata baridi na joto la kila siku.

Mwaka 1755 mji wa Lisbon, huko Ureno, uliangamizwa na tetemeko kubwa la ardhi. Howard, ambaye mkewe wa kwanza alikuwa amefariki mwaka huo huo, aliamua kusafiri kwenda kuyaona maafa hayo. Wakati ule Uingereza na Ufaransa zilikuwa zinaingia katika Vita vya Miaka Saba. Mwaka 1756 meli aliyopanda ilitekwa baharini na Wafaransa, na abiria pamoja na mabaharia wote wakapelekwa Brest kama mateka. Kabla hawajafika bandarini walikaa muda mrefu bila chakula wala maji. Kisha wakatiwa katika ngome, ndani ya chumba cha chini chenye giza na uchafu, wakalala juu ya majani makavu kwa siku kadhaa.

Baadaye Howard aliruhusiwa kukaa nje ya ngome kwa ahadi ya kutotoroka, ahadi ambayo aliishika. Alitumia muda huo kukusanya habari za mateka wenzake waliokuwa katika miji mingine ya pwani ile, na akathibitisha kwamba mamia kati yao walikufa kwa kutendewa vibaya. Mwishowe alibadilishwa na ofisa mmoja wa Kifaransa aliyekuwa mikononi mwa Waingereza. Alipofika kwao hakwenda nyumbani kupumzika na kusimulia aliyoyapata. Alikwenda kwanza kwa wakuu waliohusika na mabaharia wagonjwa na mateka, akawapa taarifa aliyoiandika, nao wakachukua hatua za kuwasaidia wale waliobaki.

Twaomba wasomaji walitie jambo hili moyoni, kwa kuwa ndilo linaloeleza maisha yake yote yaliyofuata. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Howard aliijua sakafu ya gereza kwa mgongo wake mwenyewe, kabla ya kuijua kwa kalamu. Nasi tulio askari tunajua kwamba anayeshika funguo leo, kesho vita vyaweza kumtupa upande wa pili wa mlango ule ule.

SHERIFU WA BEDFORD

Baada ya hapo Howard aliishi kwa utulivu katika shamba lake kijijini Cardington, karibu na mji wa Bedford, yapata maili 50 kaskazini ya London. Alioa tena mwaka 1758. Aliwajengea wapangaji wake nyumba safi na kuwafungulia watoto wao shule. Mwaka 1765 mkewe wa pili alifariki siku chache tu baada ya kujifungua mtoto wa kiume, na Howard hakuoa tena.

Mwaka 1773 aliteuliwa kuwa Sherifu Mkuu wa jimbo la Bedford. Cheo hicho kilikuwa cha mwaka mmoja na hakikuwa na mshahara. Sherifu alikuwa na wajibu wa kuwapokea majaji wa mahakama kuu wanapofika jimboni, kutekeleza hukumu zao, na kuwa na dhamana ya gereza la jimbo. Sheria ya wakati huo ilimtaka kila mshika cheo ashiriki ibada ya kanisa la serikali, na Howard alikuwa wa madhehebu mengine. Alikikubali cheo bila kuikana imani yake, akajiweka katika hatari ya kushtakiwa na kutozwa faini kubwa. Hakuna aliyemshtaki.

Masherifu wengi waliomtangulia waliuona ukuu huo kuwa ni wa kupanda gari la farasi na kuketi karibu na jaji. Gereza walimwachia bwana jela. Howard aliona kwamba mtu mwenye dhamana ya mahali hana budi kupajua. Akaingia ndani ya gereza la Bedford, akatazama, akauliza.

Aliyoyakuta yalimshangaza. Watu walioonekana mahakamani kuwa hawana hatia, na wengine ambao washitaki wao hawakutokea kabisa, walirudishwa gerezani na kufungiwa tena. Sababu yake ilikuwa ada. Hapana aliyeruhusiwa kutoka pale kabla ya kumlipa bwana jela shilingi 15 na peni 4, na mshika funguo shilingi 2. Maskini aliyekuwa ameachwa huru na mahakama, kama hakuwa na fedha hizo, aliendelea kukaa kifungoni.

Mtu mwepesi wa hasira angesema kwamba bwana jela yule alikuwa mwovu, akamfukuza na kuweka mwingine. Howard alitazama mbali zaidi. Aligundua kwamba bwana jela hakuwa na mshahara hata senti moja. Ulaji wake wote ulitoka kwa wafungwa: ada ya kuingia, ada ya kutoka, kodi ya kitanda, na faida ya pombe aliyowauzia. Kwa hiyo hata angewekwa mwema, njaa ingemfundisha kazi ile ile. Kosa lilikuwa katika utaratibu kabla ya kuwa katika mtu.

Howard akawaendea mahakimu wa jimbo, akawaomba wampe bwana jela mshahara kutoka katika kodi ya jimbo, ili ada zifutwe. Mahakimu hawakukataa, waliuliza tu kama kuna jimbo jingine lolote lililokwisha kufanya hivyo, maana hawakutaka kutumia fedha za watu bila mfano wa kufuata. Jibu hilo, ambalo lingemrudisha nyumbani mtu mwingine, lilimpandisha Howard juu ya farasi. Alikwenda majimbo ya jirani kuutafuta mfano huo. Hakuupata. Kila alipofika alikuta ada zile zile, na mara nyingi hali mbaya kuliko ya Bedford.

ALIYOYAONA KWA MACHO

Tangu hapo alizunguka Uingereza yote na Wales. Alipima vyumba kwa futi na inchi, akahesabu wafungwa, akaupima mkate, akaandika idadi ya madirisha na umbali wa kisima.

Huko Plymouth alikuta chumba cha wahalifu chenye futi 17 kwa 8, na kimo cha futi 5 na nusu tu, hata mtu mzima hakuweza kusimama wima. Hakikuwa na dirisha. Hewa na mwanga vilipita katika tundu la mlangoni la inchi 7 kwa 5. Watu 3 waliohukumiwa kupelekwa ng'ambo walikuwa wamefungiwa humo karibu miezi 2, wakipokezana pale tunduni ili kuvuta pumzi. Huko Knaresborough, katika chumba cha wadaiwa kilichopitiwa na mfereji wa maji machafu, alielezwa habari ya ofisa mmoja aliyefungwa siku chache tu. Ofisa huyo alijua kuna panya, akaingia na mbwa wake wa kumlinda. Panya walimmaliza mbwa, na uso wa bwana wake ukaharibiwa vibaya.

Katika magereza mengi hapakuwa na maji ndani ya kuta. Palikuwa na mahali ambapo mfungwa alipewa pinti 3 kwa siku, za kunywa na za kujisafisha pia. Serikali ilitoza kodi ya madirisha, na kwa kuwa bwana jela ndiye aliyetakiwa kuilipa, aliyaziba madirisha ili kupunguza kodi. Wanaume, wanawake, watoto, wadaiwa na wauaji walichanganywa pamoja. Minyororo mizito ilivalishwa hata wanawake, na aliyetaka nyepesi alilipia.

Mwaka 1776 Howard alihesabu wafungwa 4,084 katika Uingereza na Wales. Kati yao 2,437, yaani zaidi ya nusu, walikuwa wadaiwa, watu waliofungwa kwa sababu hawakuwa na fedha, na ambao humo ndani walidaiwa fedha zaidi.

Adui mkubwa kuliko wote alikuwa homa ya jela, ambayo leo twaijua kuwa ni homa inayoenezwa na chawa. Howard alisadiki kwamba katika miaka ile ya 1773 na 1774 homa hiyo iliua watu wengi kuliko walionyongwa kwa hukumu katika nchi nzima. Wala haikukaa ndani ya kuta. Mwaka 1750 wafungwa walioletwa katika mahakama ya Old Bailey, mjini London, waliiambukiza hadhara yote, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo majaji na Meya wa London mwenyewe. Watu waliotolewa magerezani na kutiwa katika utumishi wa majini waliipeleka homa hiyo merikebuni, ikaua mabaharia. Hivyo gereza chafu lilikuwa hatari kwa jaji, kwa askari na kwa raia aliyepita njiani.

Kazi hiyo ilimletea Howard taabu nyingi. Nguo zake zilinuka vibaya hata hakuweza kukaa ndani ya gari la farasi lililofungwa madirisha. Ikambidi asafiri juu ya farasi katika mvua na baridi. Daftari lake lilianikwa kwanza mbele ya moto ndipo liweze kusomeka. Chupa yake ya siki, ambayo aliinusa ili kujikinga, nayo iliharibika baada ya magereza machache. Mabwana jela wengi walijaribu kumzuia wakisema kwamba ndani mna homa, yeye aliingia.

MBELE YA BUNGE

Mapema mwaka 1774 kulikuwa na mbunge mmoja, Alexander Popham, aliyekuwa akijaribu kuleta muswada wa kufuta ada za wafungwa walioachiliwa. Howard aliitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Makabwela. Wabunge walimwuliza mengi, naye alijibu kila swali kwa hesabu: gereza gani, chumba gani, futi ngapi, wafungwa wangapi, ada kiasi gani. Mbunge mmoja alishangaa sana, akataka kujua ni nani aliyemlipia gharama za safari zote hizo. Hakujua kwamba alikuwa akimwuliza mtu aliyesafiri kwa fedha zake mwenyewe. Baada ya ushahidi huo Howard aliitwa mbele ya Baraza zima, na Spika akamshukuru kwa niaba ya wabunge wote.

Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria 2. Ya kwanza iliamuru kwamba mtu aliyeachwa huru na mahakama atolewe mara moja bila kulipa ada, na bwana jela alipwe fidia kutoka katika kodi ya jimbo. Ya pili ilihusu afya: kuta na dari zikwanguliwe na kupakwa chokaa angalau mara moja kila mwaka; vyumba visafishwe na kupewa hewa; pawe na vyumba vya wagonjwa, vya wanaume mbali na vya wanawake; pawe na mahali pa kuoga; na awekwe mganga mwenye mshahara, atakayetoa taarifa kwa mahakimu katika vikao vyao vya kila miezi 3.

Wengi wetu tungedhani kazi imekwisha. Ndipo Howard alipofanya jambo ambalo twaona ni kubwa kuliko ushahidi wenyewe. Alichapisha nakala za sheria hizo kwa herufi kubwa, kwa fedha zake, akazipeleka kwa wakuu wa magereza ya majimbo, asije mmoja wao akajitetea kwamba hakuijua sheria. Kisha akapanda farasi tena, akazunguka kuangalia kama sheria inafuatwa. Katika magereza mengi alikuta haifuatwi. Kuta zilikuwa nyeusi kama zamani, na mganga hakupatikana.

Tulipokuwa katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba ofisa wa zamu haandiki katika daftari kwamba amekikagua chumba cha mahabusu kama hakukiona kwa macho yake. Siku zile tulidhani ni ukali wa wakufunzi tu. Tuliposoma maisha ya Howard tulitambua maana yake. Amri isiyokaguliwa ni karatasi. Na Bunge linalotunga sheria bila ya kuwa na njia ya kujua kama inatekelezwa ni kama kamanda anayetoa amri kisha akageuka na kwenda zake.

Mwaka huo wa 1774 Howard aligombea kiti cha Bunge katika mji wa Bedford, lakini mwishowe alikikosa kwa upungufu wa kura chache. Huenda ilikuwa heri. Aliyeshindwa kuwa mbunge alibaki raia, na akiwa raia aliweza kwenda mahali ambapo mbunge hangefika.

KITABU NA SHERIA YA MWAKA 1779

Mwaka 1777 alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu hali ya magereza ya Uingereza na Wales, pamoja na habari za magereza ya nchi za ng'ambo alizokwisha kuzitembelea. Alikichapisha katika mji wa Warrington na kukiuza kwa bei ndogo, na nakala nyingi alizigawa bure, ili kiwafikie wenye uwezo wa kubadili mambo. Hakikuwa kitabu cha kulia machozi. Kilikuwa kama daftari la mkaguzi: gereza baada ya gereza, jina la mkuu wake, ada zake, chakula chake, vipimo vyake.

Huko Uholanzi alikuta wafungwa wakifanya kazi katika majengo safi, na huko Ghent aliona gereza jipya ambalo kila mfungwa alilala peke yake usiku na kufanya kazi na wenzake mchana. Aliporudi aliwaonyesha wakuu wa kwao kwamba yaliyosemwa hayawezekani yalikuwa yakifanyika ng'ambo ya bahari.

Wakati huo vita vya Marekani vilikuwa vimefunga njia ya kuwapeleka wahalifu katika makoloni yale. Serikali iliamua kuwaweka kwa muda katika merikebu kuukuu zilizotiwa nanga katika mto Thames. Howard alizikagua, akakuta mikate iliyoota kuvu na wagonjwa waliolala sakafuni. Mwaka 1778 Bunge lilichunguza jambo hilo na kumwita tena. Ilidhihirika kwamba kati ya wafungwa 632 waliotiwa humo tangu Agosti 1776, 176 walikuwa wamekwisha kufa. Hao hawakuwa wamehukumiwa kifo.

Mwaka 1779 Bunge lilipitisha sheria ya kujenga magereza 2 ya taifa, moja la wanaume na moja la wanawake, yenye usafi, kazi, mafundisho ya dini, na chumba cha kila mtu cha kulala. Sheria hiyo iliandikwa na mabingwa, William Blackstone na William Eden, kwa msaada wa Howard, naye akateuliwa kuwa mmoja wa wasimamizi 3. Twasema kwa masikitiko kwamba wasimamizi hao hawakupatana juu ya mahali pa kujenga. Mmoja wao, rafiki mkubwa wa Howard, alifariki mwaka 1780, na Howard akajiuzulu mwaka 1781. Magereza yale hayakujengwa katika uhai wake.

KWA MATEKA NA WAGONJWA

Katika vita hivyo hivyo vya Marekani, Howard aliwatembelea mateka Wamarekani na Wafaransa waliokuwa mikononi mwa Waingereza, na pia Waingereza waliokuwa mikononi mwa Wafaransa. Aliwaandika wote kwa kipimo kimoja. Panapostahili sifa alisifu, hata kwa adui. Panapostahili lawama alilaumu, hata kwa nchi yake. Kwa sababu hiyo hapana aliyeweza kusema kwamba anatumika na upande fulani.

Mwaka 1781 alifika Urusi. Huko wakubwa walijisifu kwamba hukumu ya kifo imefutwa. Howard alimtafuta mtu aliyefanya kazi ya kuchapa wahalifu kwa mjeledi, akamhoji kwa makini, akapata kujua kwamba mapigo yaweza kupigwa kwa namna ya kumwua mtu, na kwamba hufanyika hivyo kwa amri. Sheria ilisema neno moja, na mjeledi ulisema jingine.

Baada ya mwaka 1785 aligeukia karantini, yaani mahali ambapo wasafiri walizuiliwa kwa hofu ya tauni. Alikwenda Marseilles, Malta, Smyrna na Constantinople. Ili ajue mambo yalivyo hasa, alichagua kwa makusudi meli iliyotoka bandari yenye tauni, akafungiwa katika karantini ya Venice. Inasimuliwa kwamba njiani meli hiyo ilishambuliwa na maharamia, naye akawa mmoja wa waliokuwa kwenye mzinga hadi maharamia wakarudi nyuma.

Hatutaki kumfanya malaika. Mtoto wake wa pekee alikua mbali na baba aliyekuwa safarini daima na mkali alipokuwa nyumbani. Kijana huyo alipatwa na maradhi ya akili, na mwaka 1787 akawekwa katika nyumba ya wagonjwa huko Leicester. Habari hizo zilimvunja moyo Howard kuliko taabu zote za njiani. Tena rai yake ya kumlaza kila mfungwa peke yake ilichukuliwa na wengine baada yake, wakaigeuza kuwa kumfungia mtu peke yake usiku na mchana, jambo lililowatia wengi wazimu. Nalo hilo ni funzo: hata kanuni njema huharibika ikikosa jicho la kuiangalia.

KABURI LA KHERSON

Mwaka 1789 alianza safari yake ya mwisho. Alipita Riga, St Petersburg na Moscow, akafika Kherson, karibu na Bahari Nyeusi, wakati Warusi wakipigana na Waturuki. Alikuta hospitali za jeshi zimejaa wanajeshi wachanga waliotolewa vijijini, wakatembezwa mamia ya maili, wakafika hoi na kulazwa katika uchafu bila matunzo. Alizikagua, akaandika, akawaeleza wakuu. Humo Kherson, alipokuwa akiwahudumia wagonjwa, aliambukizwa homa. Alifariki tarehe 20 Januari 1790, mwenye umri wa miaka 63.

Aliagiza azikwe bila ya fahari, na juu ya kaburi lake pawekwe saa ya jua tu, kisha asahauliwe. Watu hawakumtii. Hapo nyuma walipotaka kumjengea sanamu aliwakataza. Baada ya kufa kwake sanamu yake ikawekwa katika kanisa kuu la St Paul's mjini London, ya kwanza kuruhusiwa humo, kabla ya sanamu za majemadari. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa amesafiri maili 42,000 na zaidi, nyingi juu ya farasi, kwa ajili ya watu wasioweza kumlipa chochote.

MATUNDA YAKE

Mbegu alizopanda ziliota polepole. Ada za magereza zilifutwa kabisa kwa sheria ya mwaka 1815. Sheria ya mwaka 1823 iliwalazimisha mahakimu kuyatembelea magereza na kupeleka taarifa serikalini. Mwaka 1835 ikaundwa idara ya wakaguzi, na taarifa zao zikawa zinawekwa mbele ya Bunge. Hapo ndipo kazi aliyoifanya mtu mmoja juu ya farasi ilipogeuka kuwa wajibu wa taifa.

Matunda hayo yalivuka bahari. Sheria za magereza za nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Mwingereza ziliweka mahakimu wa kutembelea magereza, watu wasio wa idara, wenye haki ya kuingia, kusikiliza malalamiko na kuandika maoni yao. Mwaka 1955, huko Geneva, mkutano wa Umoja wa Mataifa ulikubali kanuni za chini kabisa za kuwatendea wafungwa, na mwaka 2015 kanuni hizo zilirekebishwa na kupewa jina la Nelson Mandela, mtu mwingine aliyeijua sakafu ya gereza kwa mgongo wake. Ndani ya kanuni hizo kuna mambo ambayo Howard aliyapigania: mganga, maji, hewa, daftari la wafungwa, na ukaguzi wa watu wa nje.

Ndugu askari, wako miongoni mwetu wanaonuna mkaguzi anapobisha hodi, au mwananchi anapoandika kwa mbunge wake akiuliza habari za mahabusu. Hudhani kwamba wanatukanwa. Maisha ya Howard yatufundisha vingine. Yeye hakuja kuwaondolea askari magereza heshima. Aliwatafutia mshahara ili wasilazimike kula jasho la mfungwa, na usafi ili wasife kwa homa ya mfungwa. Kanuni iliyopitishwa na Bunge na kukaguliwa mchana peupe humlinda mfungwa na bwana jela mbaya, na humlinda bwana jela mwema na uzushi. Asiye na la kuficha hufungua mlango mapema.

Basi usiku wa leo, yule atakayeshika zamu na kupewa funguo, asitie sahihi daftarini kabla ya kufungua mlango na kutazama. Awahesabu waliomo. Aulize kama wamepata maji. Amwulize kila mmoja ana haki gani ya kuwa humo, na kama yumo ambaye mahakama imekwisha kumwacha huru, asingoje asubuhi.